Matilaba ya Paka

Bibi hakumlisha paka usiku. Mchana sawa, Shume alipata vichwa vya samaki, ukoko wa ugali uliolowekwa mchuzi, pengine na maziwa yaliyoharibika. Lakini ikishaadhiniwa magharibi, sahani yake iligeuzwa kifudifudi pale uwani karibu na ndoo za maji, na aliyejaribu kuigeuza tena alisikia maneno.

"Mke mwenzangu," angeniambia, "paka akishiba analala. Mchele atalinda nani? Wewe na vitabu vyako?"

Nyumba yake iko Charambe, Mbagala, upande wa Temeke ambako mifereji ni wazi, nyumba zimebanana, na kila familia yenye uwezo hununua mchele kwa gunia kwa sababu kwa kilo unaumia. Gunia hukaa stoo, na stoo ndiko panya wanakotaka kuwa. Kwa hiyo kanuni ya Bibi haikuwa ukatili. Ilikuwa mpango wa chakula. Hata majirani walikuwa nayo, na nilipohamia Kinondoni kwa ajili ya masomo niliikuta huko pia. Nadhani ukiuliza nyumba kumi Dar es Salaam, tisa zitakwambia kwamba paka aliyeshiba hawindi.

Kilichonisumbua ni kwamba Bibi huyo huyo alinifundisha methali inayosema kinyume chake: paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Matilaba ni kile moyo unachokitaka na kukikusudia. Aliyetunga methali hii aliona jambo ambalo kanuni ya sahani iliyofunikwa hailikubali. Aliona paka amekula wali wa kutosha, tumbo limejaa, na bado macho yako darini. Wali ulikuwa wa tumbo, na panya alikuwa wa kitu kingine.

Nilichukua muda kugundua kwamba maabara zilikuja kufikia hapo hapo. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec alichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa Bibi angeliona kwa macho yake. Paka waliwekewa chakula wanachokipenda, samaki aina ya salmoni. Wakiwa katikati ya kula, aliachiliwa panya. Paka waliacha samaki, wakamwendea panya, wakamuua, wakambeba hadi penye chakula, wakamweka kando, wakaendelea kula samaki. Panya hawakumla. Mjerumani Paul Leyhausen, aliyewachunguza paka kwa miongo mingi, alikuwa ameshaeleza kwa nini. Kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua na kula si kazi moja yenye hatua tano. Kila moja ina kiu yake, na kiu ya kunyatia haikatwi na tumbo lililojaa. Kuna mantiki ndani yake. Paka huwinda peke yake, huwinda vitu vidogo, na mara nyingi hukosa. Angesubiri njaa ndipo aanze kunyatia, angekufa kabla ya kupata.

Bibi hakukosea kabisa, lakini. Mwaka 1979 Maxeen Biben alionyesha kwamba paka mwenye njaa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuua. Njaa humpa ujasiri. Ila haimfundishi kuwinda wala haimpi hamu. Hamu anayo tangu akiwa kinda, anapokimbiza kamba ya kiatu.

Hamu hiyo ni ya zamani kuliko nyumba zetu zote. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani wanatokana na paka mwitu anayeitwa na wanasayansi Felis lybica. Kisiwani Saiprasi wanaakiolojia walikuta paka aliyezikwa kando ya mtu yapata miaka 9,500 iliyopita. Maelezo yanayokubalika ni kwamba watu wa Mashariki ya Kati walianza kulima na kuhifadhi nafaka, nafaka ikavuta panya, panya wakavuta paka. Hakuna aliyemfunga kamba kama alivyofanyiwa ng'ombe au punda. Alikuja mwenyewe kwa shughuli zake, watu wakaona shughuli hizo zinawafaa, wakamwacha. Hata leo lybica yupo Tanzania, porini, rangi ya vumbi, miguu mirefu, na tunaye katika lugha kwa jina la kimburu. Ukimweka kimburu na paka wa Mbagala pamoja, utahitaji dakika kadhaa kujua yupi ni yupi.

Pwani yetu ilipata panya wake kwa njia ya bahari. Unguja Ukuu, bandari ya kale kusini mwa Zanzibar, wachimbuaji wamekuta mifupa ya panya weusi katika matabaka ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Panya mweusi asili yake ni Asia ya Kusini. Alipanda majahazi pamoja na shehena, akashuka pamoja na shanga na vyungu. Tunapenda kusimulia biashara ya Bahari ya Hindi kwa viungo, pembe na vitambaa, lakini panya naye alikuwa abiria, tena bila kulipa nauli. Na kwenye vyombo vya baharini, paka alikuwa mfanyakazi. Paka wa mitaa ya Lamu na Pate, walipochunguzwa vinasaba, walionekana kukaribiana na paka wa upande wa Uarabuni na India. Pepo za kaskazi zilileta mwizi na askari kwa chombo kimoja.

Kiswahili kilimpokea askari huyo kwa tahadhari. Tuna neno shume, paka dume mkubwa ambaye ni wa nyumbani na si wa nyumbani, anayekaa nusu porini na kuchukua vifaranga. Lugha isiyo na wasiwasi na paka isingehitaji neno hilo. Bibi alimwita paka wake hivyo kwa utani, kwa sababu alikuja mwenyewe, mkubwa, sikio moja limechanika, na siku ya kwanza alikula kifaranga cha jirani. Bibi alilipa kifaranga akabaki na paka. Alifanya hesabu.

Siku moja nilimuuliza kama haogopi dhambi ya kumlaza mnyama na njaa. Bibi ni mtu wa msikitini, na nilijua ninagusa wapi. Katika hadithi za Mtume kuna ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imo katika Bukhari na Muslim, na watoto wengi wa pwani wanaijua kabla ya kujua kusoma. Bibi alinitazama kama mtu aliyesubiri swali hilo miaka mingi.

"Yule alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia akale wadudu wa ardhini. Mimi nimemfungia nani? Mlango ule pale."

Nilikwenda kusoma tena, na kweli kosa la mwanamke yule lina pande mbili. Angeweza kumlisha, au angeweza kumwacha huru ajitafutie. Simulizi yenyewe inatambua kwamba kuwinda ni riziki halali ya paka. Bibi alikuwa amechagua upande wa pili. Sikuwa na jibu, na kwa mtu anayesomea shahada ya uzamili ya historia hilo si jambo dogo.

Shume aliingia kwenye utafiti wangu kwa mlango wa nyuma. Ninasoma historia ya afya, na nilikuwa nikifuatilia tauni. Mwaka 1894 tauni ilizuka Hong Kong, ambako Alexandre Yersin alitambua kimelea chake. Mwaka 1896 ilikuwa Bombay. Bombay na Dar es Salaam zilikuwa zimeunganishwa na meli, kwa hiyo hofu ilivuka bahari kabla ya ugonjwa. Mwaka 1897 Robert Koch, daktari mashuhuri kuliko wote wa Ujerumani wakati huo, alitoka kuchunguza tauni India na kuja Dar es Salaam, mji ambao Wajerumani walikuwa wameufanya makao makuu miaka michache tu nyuma. Akiwa huku alipata taarifa za ugonjwa wa mitoki uliokuwa ukiua watu Kiziba, upande wa Bukoba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Sampuli zilipochunguzwa, mwaka 1898 alitangaza kwamba ni tauni ile ile. Haikuwa imeletwa na meli. Ilikuwa huko muda mrefu, na upande wa Buganda watu walikuwa na jina lake, kaumpuli.

Mwaka huo huo wa 1898, huko Karachi, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kinachohamisha ugonjwa kutoka kwa panya kwenda kwa mtu ni kiroboto. Kuanzia hapo panya hakuwa tena mwizi wa mchele. Alikuwa mshukiwa wa mauaji.

Namna serikali za kikoloni zilivyoitikia inajulikana, na sitakaa nayo sana. Nairobi, mwaka 1902, mtaa wa biashara wa Wahindi ulichomwa moto. Dar es Salaam ilipangwa kwa kanda za rangi, na lugha ya afya ilitumika kuhalalisha mipaka. Mnazi Mmoja tunakokwenda kwenye sherehe paliachwa wazi ili pawe ukuta wa hewa kati ya Kariakoo na mjini. Panya, nina hakika, walivuka usiku.

Mwaka 1908 ndio ulionisimamisha. Mwaka huo Andrew Buchanan, daktari wa Kiingereza aliyefanya kazi India, aliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba paka ni kinga ya tauni. Alikuwa amehesabu paka vijijini na kuona kwamba palipokuwa na paka wengi tauni ilipungua. Koch naye, ambaye sasa alikuwa ameishi Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, alikwenda Japani mwaka huo na kuwashauri wenyeji wafuge paka. Hebu fikiria. Mtu aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, mwenye darubini bora kuliko zote, alipoulizwa dawa ya tauni alifika mahali pale pale alipofika Bibi yangu, kwamba tafuta paka.

Nilifurahi sana siku hiyo maktaba. Nilimpigia simu Bibi nikamsimulia. Alisema, "Huyo Mzungu alimlisha usiku?"

Mpango wa kumwandikisha paka jeshini ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, paka mwenyewe hupata tauni. Nchini Marekani, kati ya miaka ya 1977 na 1998, wameorodheshwa watu 23 walioambukizwa tauni kutoka kwa paka wao, na watano kati yao walikufa. Paka humkamata panya mgonjwa kwa urahisi kuliko panya mzima, kisha anarudi kulala kitandani. Hili si la mbali nasi. Lushoto ilipata milipuko ya tauni kuanzia mwaka 1980, na maelfu waliugua.

Kasoro ya pili inaumiza zaidi fahari ya wafugaji. Paka si muuaji mzuri wa panya wakubwa. Mwaka 2018 Michael Parsons na wenzake walitoa matokeo ya kufuatilia kwa kamera kundi la panya katika kiwanda cha takataka huko Brooklyn ambako paka wa mtaani walikuwa wakipita. Kwa siku 79, paka waliua panya wawili tu. Wawili. Wanapendelea wadogo, wasiorudisha meno. Sasa mfikirie panya buku wa mifereji yetu, anayeweza kuzidi kilo moja. Nimewahi kumwona Shume akikutana na buku mmoja karibu na choo cha nje. Walitazamana. Shume akaanza kujilamba bega, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

(Panya buku, kwa njia, wana kazi nzuri zaidi sasa. Shirika la APOPO huwafundisha pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya kufukiwa na kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi ya mabomu huko Kambodia. Sijamwambia Bibi. Kuna mambo ambayo mtu wa umri wake hapaswi kufanyiwa.)

Kwa nini basi tuliendelea kufuga paka? Jibu lililonishawishi linatoka Eswatini. Watafiti waliwapa panya chakula kwenye trei kuzunguka makazi ya vijijini, wakapima kinachobaki. Kwenye nyumba zenye paka na mbwa kwa pamoja, panya walikula kidogo, na walikuwa wachache. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Panya hawakuwa wameliwa wote. Walikuwa na hofu. Kila dakika panya anayosimama kusikiliza ni dakika asiyokula mchele. Paka anaposhinda amelala juu ya gunia, harufu yake iko kazini.

Nililiona hilo Tandale. Soko la nafaka la Tandale, Kinondoni, ni mahali pazuri pa kujifunza kuhusu paka kuliko maktaba. Magunia ya mchele, maharage na mahindi yamepangwa hadi darini, na juu yake, kila baada ya maduka machache, kuna paka. Niliuliza wafanyabiashara watatu kama wanawalisha. Wawili walicheka. Wa tatu, mama wa makamo anayeuza maharage, aliniambia humnunulia wake dagaa kila siku.

"Nisipomlisha atahama," alisema. "Akishahama, hata awe mwindaji vipi, anamwindia mwingine."

Hoja hiyo sikuikuta kwa Leyhausen wala kwa Koch. Chakula hakiuzimi uwindaji. Kinaamua utafanyika stoo ya nani.

Nilikusudia kumpelekea Bibi habari hiyo Ijumaa iliyofuata. Lakini wiki ile alipita kijana mwenye spika begani, yule anayetangaza kwa sauti iliyorekodiwa dawa ya panya, mende na kunguni. Panya walikuwa wamezidi baada ya mvua, na Shume alikuwa akizeeka. Jirani alinunua. Bibi anasema yeye hakununua, na mimi namwamini.

Sumu nyingi za panya za kisasa ni wajukuu wa warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Zinazuia damu kuganda, na ubora wake ni kwamba hazina haraka. Panya ni mwoga wa chakula kigeni. Akila kitu akaumwa papo hapo, hakirudii tena. Kwa hiyo sumu humpa siku kadhaa. Katika siku hizo anatembea bado, lakini polepole, katikati ya njia, mchana kweupe, akiyumba.

Sijui kama pakiti ya jirani ilikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa karatasi tupu, haikuandikwa kitu. Ninachojua ni alichosimulia Bibi. Alasiri Shume alikuwa amelala kivulini chini ya mpapai. Alikuwa amekula, ilikuwa mchana, na mchana alilishwa. Panya akatokea kwenye mfereji akitembea kama mlevi. Shume akainua kichwa. Akajibana chini, kiuno kikatikisika kile kitikisiko cha mwisho kabla ya kuruka, akaruka. Bibi alimpongeza. Alimwambia, "Safi, mzee."

Alimla kichwa tu na kuacha mengine kwenye ngazi, kama alivyozoea. Siku ya tatu akaanza kutokwa damu puani.

Nilipofika Ijumaa alikuwa ameshazikwa nyuma ya choo, ndani ya kanga kuukuu. Nilisema shikamoo, Bibi akaitikia marahaba bila kuniangalia. Sahani ilikuwa pale pale karibu na ndoo, imegeuzwa kifudifudi ingawa ilikuwa saa nane mchana. Tulikaa. Baadaye aliniuliza kama njaa ingemfanya asimle panya yule. Nilimwambia hapana. Kisha akauliza kama shibe ingemzuia. Nilimsimulia habari ya wale paka walioacha samaki wa salmoni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Matilaba yake," alisema.

Mwezi uliofuata yule mama wa maharage wa Tandale alinipa kinda, jike, mweupe mwenye madoa. Nilipanda naye daladala mbili ndani ya kikapu kilichofunikwa mtandio, na konda akataka nimlipie nauli. Bibi alimshika shingoni, akamtazama meno, akamweka chini stoo. Kinda kilinusa gunia, kikazunguka, kikarudi kulia mlangoni. Ilikuwa karibu na magharibi. Nilisimama na dagaa mkononi, sijui nizipeleke wapi.

Bibi alikwenda uwani mwenyewe. Nilisikia sahani ikigonga sementi.

"Mpe," alisema. "Lakini kidogo."